Namuwahisha Kabati Ulingoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Kabati atakuwa bondia wa kulipwa, tena mwezi huu huu.

Kabati ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Jina hilo alipewa shuleni, siku aliposimama mlangoni mwa darasa na mwalimu akauliza nani amezima taa. Ana miaka ishirini. Uzito wa juu. Kilo mia na tano kabla ya chai. Juzi Jumamosi alishinda pambano lake la ridhaa, raundi tatu, na mwenzake alikuwa anatafuta mlango wa kutokea tangu ile ya kwanza. Na zawadi? Cheti na chupa ya chai. Chupa ya chai! Mtu amepigana na binadamu mbele ya umati, anarudi nyumbani kabeba chupa kama anayetoka kumwona mgonjwa.

Nilimfuata Kocha wake pale ukumbini. Nikamweleza kwamba wazito wote walioharibikiwa waliharibikiwa na jambo moja tu: walichelewa. Anayeingia ngumi za kulipwa na miaka ishirini na mitano ameshaitumia nusu ya mwili wake bure. Kocha alikuwa anakunja bendeji za mikono. Hakuacha kukunja. Akasema bondia mzito huiva polepole, tumwache aive, kama miaka miwili hivi. Nikamwambia ndizi ikingojwa sana huliwa na nzi. Akasema ndizi ikikatwa mbichi sharti ichemshwe, na yeye hataki kumwona kijana huyu jikoni.

Watu walicheka. Upande wake!

Yeye ni kocha, mimi ni fundi wa makochi. Tumetenganishwa na herufi chache, lakini anavyojibeba utadhani ni alfabeti nzima.

Kuchelewa mimi nakujua. Nilioa nikiwa na mvi. Nilifungua karakana wakati wenzangu wanafunga zao. Hata mazishi ya baba nilifika watu wanarudi. Kabati hatachelewa. Si mimi nikiwa hai.

Jumanne, 4 Machi

Nimezungumza na Kabati. Ugumu wa kuzungumza na Kabati ni kwamba hujibu "sawa" kwa kila jambo. Nikamwambia atakuwa bingwa. Sawa, Mjomba. Nikamwambia mimi ndiye meneja wake kuanzia leo. Sawa, Mjomba. Nikamuuliza Kocha alimwambia nini. Alimwambia asubiri. Naye alijibuje?

Alijibu sawa.

Nimechukulia kwamba sawa yangu ndiyo yenye nguvu. Mimi ni damu.

Mchana nikaenda kwa Promota. Ofisi yake iko nyuma ya duka la kutengeneza simu. Unapita katikati ya mafundi, unaruka nyaya, umefika. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Huyo ndiye mtu wa kazi! Akasema kijana mzito ni lulu. Siku hizi wamejaa wepesi kama mbu, wazito hawaonekani. Ana nafasi moja, Jumamosi ya wiki ijayo, kwa kuwa bondia wake mmoja ameteguka mguu. Mpinzani ni Babu Nyundo.

Nikashtuka. Jina lenyewe linauma. Promota akanituliza. Akasema Babu ana miaka arobaini na mmoja, nyundo ilishang'oka, umebaki mpini. Ni ushindi wa kufungulia mlango.

Akauliza kama nina uzoefu wa umeneja. Nikasema ninao, tena wa muda mrefu. Nasimamia karakana yenye watu wawili. Mmoja wao ni mimi.

Tukapeana mikono. Kiti chake kilikuwa kinatoa sponji kama mtu anayetoa ulimi. Nimeahidi kukishughulikia.

Alhamisi, 6 Machi

Kikwazo kimebaki kimoja: Dada. Akisikia neno "kulipwa" ataziba mlango kwa mwili wake, na mwili wa Kabati haukutoka hewani.

Nimetunga mpango safi. Kila jioni Kabati amwambie mama yake kwamba anakuja kunisaidia kupeleka makochi kwa wateja. Kumbe anafanya mazoezi karakanani! Tumeyarudia maneno mpaka kayashika yote. Kijana ana kumbukumbu nzuri sana.

Baadaye, siku hiyo hiyo. Dada amemuuliza anakwenda wapi. Amejibu, neno kwa neno: "Mjomba amesema niseme napeleka makochi."

Ijumaa, 7 Machi

Dada amefika karakanani kabla sijafungua hata dirisha. Nikajificha nyuma ya sofa la mteja, lile la watu watatu. Akalizunguka. Nami nikalizunguka. Akasimama. Nikatoka nikijifanya natafuta misumari.

Nilitegemea kelele. Kelele zake naziweza, nimezaliwa nyuma yake, nimekulia ndani yake. Lakini hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi ambalo bado halijavishwa kitambaa, mbao nje nje. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama huyo atakayepigana naye huwa anapiga kichwani. Nikasema, dada yangu, hiyo ni ndondi, kichwa nacho kimo. Akasema siku anamzaa Kabati hicho kichwa ndicho kilichomtesa. Kilichukua usiku kucha kutoka. Sasa hataki mtu aje akiharibu kwa jioni moja.

Nikamweleza habari ya kuwahi. Nikamweleza yote, mpaka ya mimi na mvi zangu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akasema mwanawe ni mtu mzima. Amemuuliza kama anataka, amejibu sawa, na yeye hiyo sawa imemfika hapa. Akagusa koo. Hawezi kumfungia ndani. Nyumba yenyewe haina mlango wa kumshinda. Lakini ana sharti. Nikae kwenye kona yake mimi mwenyewe. Taulo nilishike mimi, si mtu mwingine. Na mwanawe akianza kuyumba nilirushe ulingoni pambano likome, nisingoje.

Akataka niape. Nikaapa. Akataka niape tena, nikimtazama machoni.

Nikaapa tena. Ile ya pili sikuipenda.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi. Kocha amekataa kabisa kumwandaa kwa pambano hili. Anasema hawezi kumpaka mtu mafuta huku akijua anapelekwa kukaangwa. Huyu mtu na jikoni! Lakini haidhuru. Fundi wa makochi mzima nishindwe na gunia la ngumi?

Gunia la kwanza nilijaza sponji tupu. Kabati akapiga, mkono ukazama mpaka kiwiko. Mimi na seremala jirani tulimvuta.

Gunia la pili nilijaza masalia ya vitambaa, nikayashindilia kwa miguu. Zuri! Zito! Nikalining'iniza kwenye boriti. Kabati akapiga mara moja. Gunia halikutikisika. Boriti ndiyo iliyoshuka. Ikashukia lile sofa la watu watatu, ambalo sasa ni la mtu mmoja na mwingine mwembamba.

Mke wangu amesema mimi na bahati hupishana njiani kila siku na hata salamu hatupeani.

Jioni Kocha alipita. Alisimama mlangoni akimtazama Kabati akipiga hewa, kisha akaingia, akausogeza mguu wa kushoto wa kijana nyuma kidogo, akamgonga bega, akaondoka. Mpelelezi! Ameshaanza kutuonea wivu.

Alhamisi, 13 Machi

Mwenye sofa amekuja kulichukua. Nikamweleza kwamba huu ndio mtindo unaovuma sasa: upande mmoja umeinuka, mwingine umelala. Akauliza mume wake atakaa wapi. Nikasema mtindo huu unaleta ukaribu katika ndoa. Akasema ukaribu anao wa kumtosha, anataka sofa.

Nitalitengeneza upya. Wiki ijayo. Meneja hawezi kuwa kila mahali.

Ijumaa, 14 Machi

Leo tumepimwa uzito. Nilivaa suti yangu ya harusi, bado inanikaa nikivuta pumzi na kuibana. Daktari akamwangalia Kabati macho, moyo, vidole. Akasema huyu ana afya ya ng'ombe. Halafu akaniuliza mimi kama najisikia vizuri, maana natokwa jasho sana.

Nimemwona Babu Nyundo. Kitambi. Pua imelala upande kama mtu aliyegombana na mkewe. Sauti ya upole ajabu, ungempa mtoto ambembeleze. Nikafurahi mno. Nikamnong'oneza Kabati kwamba ushindi tunao mfukoni.

Tulikaa naye benchi moja tukingoja. Akamuuliza Kabati amepigana mara ngapi. Tisa, zote za ridhaa. Akamuuliza umri. Akatikisa kichwa. Akasema yeye aliingia ngumi za kulipwa akiwa na miaka kumi na minane, kwa sababu aliyekuwa anamsimamia alikuwa na haraka. Mwanzoni alimpiga kila aliyesimamishwa mbele yake, kwa nguvu tu. Halafu wakaja watu ambao nguvu hawaziogopi, naye hakuwa amefundishwa kitu kingine. Tangu hapo amekuwa ngazi. Kila kijana anayepanda sharti amkanyage yeye kwanza. Alisema angengoja kidogo, akajifunza kujikinga, pengine leo pua yake ingekuwa inatazama mbele. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia yenye shimo.

Kabati alimsikiliza kwa makini ambayo mimi sijawahi kuipata kwake.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima kurudi nyumbani. Miaka kumi na minane! Kilichomponza yule mzee ni wazi kabisa. Angeanza na kumi na saba.

Jumapili, 16 Machi

Jana sikuandika. Sikuwa na taya.

Naandika mkono mmoja, mwingine umeshika barafu. Nianze mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Suti, viatu vya kung'aa, taulo jipya begani. Watu waliniuliza mimi ni nani, nikawaambia. Dada alikuwa amesema hatakanyaga pale. Nilimwona safu ya nyuma kabisa, amekaa akitazama ukuta.

Raundi ya kwanza. Mungu wangu! Kabati alimporomoshea Babu Nyundo ngumi kama mtu anayeshusha mzigo. Umati ukasimama. Nikawageukia watu nikawainamia. Ya pili, vilevile, ingawa mzee alikuwa anazipokea kwenye mikono na mabega, akirudi nyuma polepole, hana wasiwasi, kama anayengoja mvua ipite. Ya tatu, Kabati alimwaga kila alichokuwa nacho. Kengele ikalia.

Kabati akainua mikono juu. Akaenda kumkumbatia Babu Nyundo. Akampa mkono refa. Akawainamia waamuzi, adabu tupu, kisha akaja kwenye kona akaninyooshea glavu nimvue.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Si zimeisha, Mjomba?"

Tatu. Ridhaa ni raundi tatu. Pambano hili lilikuwa la raundi sita. Nilikuwa nimemweleza kila kitu: mkanda, picha za ukutani, jinsi ya kuwapungia watu mkono. Hilo la raundi sita sikumweleza. Hata sijui niliruka vipi. Nikamwambia, mwanangu, zimebaki nyingine tatu.

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujibu sawa.

Raundi ya nne Babu Nyundo alianza kazi. Alimkumbatia, akamlalia, akamwachia kilo zake zote abebe. Kila wakiachana, kangumi kafupi kwenye mbavu. Hakuna hata moja iliyopigiwa kelele. Kabati akarudi kwenye kona anapumua kama pampu mbovu. Nikampa maji, nikammwagia sikioni. Nikamwambia yuko vizuri. Akasema haoni vizuri.

Ya tano miguu yake ikaanza kwenda kila mmoja kivyake. Akapigwa ya kichwa. Akayumba. Nikalishika taulo.

Hapa nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Sikulirusha. Nilijiambia kidogo tu, pengine atazinduka, pengine mzee atachoka, ushindi huwa unakuja kwa wanaongoja kidogo. Akapigwa nyingine. Ndipo nikasikia Dada akiniita kutoka nyuma. Hakuita meneja, hakuita fundi. Aliita jina langu la utotoni, ambalo siku hizi hakuna mwingine aliye hai anayelijua.

Nikarusha. Taulo likapaa vizuri, likakunjuka hewani, likamfunika mpiga picha. Refa alikuwa amenipa mgongo. Basi nikapanda mwenyewe. Suruali ikachanika palepale kwenye kamba, na watu ambao hawajawahi kuniona wamejua rangi ya nguo yangu ya ndani. Nikaingia katikati yao nimeinua mikono, nikipiga kelele basi, basi, inatosha.

Babu Nyundo aliniona. Akashusha ngumi zake hapo hapo. Kabati macho yalikuwa yamejaa jasho. Yeye aliona kivuli. Akarusha mkono wa kulia kwa nguvu zake zote za mwisho, mguu wa kushoto uko nyuma kidogo, mahali pake hasa.

Nasikia ndiyo nokauti pekee ya jioni nzima.

Nilipofumbua macho, Kabati alikuwa amepiga magoti analia kama mtoto, ananiita Mjomba, Mjomba. Babu Nyundo alikuwa ananipepea kwa taulo langu. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Dada. Changu, si cha mwanawe. Refa alishamaliza mambo: mtu wa kona akiingia ulingoni, bondia wake ameshindwa. Promota nilimtafuta kwa macho. Hakuwepo, wala miwani yake.

Dada alinifunga koti lake kiunoni tukarudi nyumbani.

Jumatano, 19 Machi

Bado siwezi kuongea. Mke wangu anasema nyumba imepata afya.

Kocha alikuja leo, akaja na Kabati. Alikubali chai. Akasema alikwenda kuwaona watu wa chama cha ridhaa, amebembeleza, amesimama, amekaa, imeshindikana. Aliyepigana kwa kulipwa harudi. Halafu akasema, taratibu, bila kunitazama, kwamba timu ya ridhaa inasafiri katikati ya mwaka kwenye mashindano ya ng'ambo na Kabati alikuwa ameshachaguliwa. Ilikuwa bado kutangazwa tu. Angepanda ndege.

Kabati hajawahi kupanda ndege. Akiwa mdogo alikuwa akisikia ndege anatoka nje mbio, anaipungia mkono mpaka ipotee.

Nilitaka kusema kitu. Taya halikuniruhusu.

Kocha hakujisifu. Nilimngojea ajisifu ili nimchukie vizuri, akakataa kunipa nafasi hiyo. Alisema yaliyopita yamepita, sasa atamfundisha upya kama bondia wa kulipwa, kuanzia kusimama. Hakuna pambano mpaka mwakani, hata aje nani na miwani gani. Na Babu Nyundo ameomba awe anakuja kufanya naye mazoezi, amwonyeshe kujikinga. Amesema amechoka kuwa ngazi.

Kisha Kabati akaongea. Aliongea maneno mengi kuliko yote niliyomsikia tangu azaliwe. Alisema kocha anaye. Meneja kwa sasa hahitaji. Mjomba bado anamhitaji. Akasema kesho atakuja kuishika ile boriti mimi nikipigilia misumari, maana seremala amemwambia peke yangu itanishukia.

Nikaitikia kwa kichwa. Iliniuma sana. Nasema taya.

Jumapili, 23 Machi

Uji unapita sasa. Maneno machache pia.

Wiki nzima watu wamenifundisha. Dada amesema haraka, haraka ndiyo iliyotuponza. Mke wangu amesema hivyo hivyo. Seremala jirani, ambaye hakuulizwa, amesema hivyo hivyo. Nimewakubalia wote. Nimesema nimekoma, na nilimaanisha.

Lakini leo asubuhi nikiwa nanyoa ndevu upande usiouma, mwanga ukanijia. Kwa nini Kabati aliinua mikono raundi ya tatu? Kwa sababu alishazoea tatu! Miaka ishirini, mtu ameshakomaa na mazoea yake, nani atambadilisha? Sote tulikosea. Hatukuwahi. Tulichelewa!

Mchana tulikwenda kumpongeza shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Amejifungua salama. Mtoto wa kike. Kilo tano na nusu! Mkunga anasema tangu aanze kazi hajamshika wa namna hiyo. Nikapewa nimpakate. Akanikamata kidole, nikashindwa kukitoa. Nikamtazama. Akanitazama. Mimi ndiye niliyepepesa kwanza.

Wenzangu walipotoka kwenda sebuleni, nikatoa futikamba yangu mfukoni, nikampima kutoka begani mpaka kwenye ngumi. Nikarudia mara ya pili, maana sikuamini. Mke wangu akarudi ghafla, akasimama mlangoni, akauliza nafanya nini.

Nikamwambia napima godoro.